Milimita Nne Nyongani Mwangu

Zuhura binti yangu,

Natumaini unaifungua barua hii ukiwa umeshapata kitanda chako huko chuoni na umetia kitu tumboni. Mimi naiandika hapa mezani petu Kaloleni, Kisumu, alasiri, wewe ukiwa umekwenda Manyatta kumuaga shangazi yako. Treni yako ni kesho. Mama yako amekwisha kukwambia habari za sweta, za chakula, za watu wa kuwapigia simu na watu wa kuwakwepa, kwa hiyo hayo sitayagusa. Nataka kukusimulia habari ya nyonga yangu.

Najua utacheka na kusema nyonga ya baba imesimuliwa mpaka imechakaa. Lakini wewe uliisikia nusu tu. Nusu nyingine niliificha, na inakuhusu, kwa sababu unakwenda kusomea uuguzi, na kwa sababu karo yako ya sekondari imo humo ndani.

Ulikuwa darasa la tatu nilipovunjika. Unakumbuka nilikuwa nakereza vyuma kwenye karakana ya Kirpal, yule Kalasinga mwenye ndevu nyeupe aliyekuwa akikuletea jalebi. Siku hiyo tulikuwa tunashusha ekseli ya trela ya miwa. Mnyororo ukateleza, ekseli ikanibana ukutani, na nikasikia kitu kikikatika ndani yangu kama kijiti kikavu. Hospitali niliyopelekwa sitaitaja jina hapa. Walisema mfupa wa nyonga haungeunga, kwa hiyo wangeniwekea wa bandia: kichwa cha chuma chenye mguu mrefu unaoingia ndani ya paja, na kikombe cha plastiki ngumu cha kukipokea kile kichwa.

Mwanangu, nilifurahi. Mtu amelala hawezi hata kujigeuza, naye anafurahi! Nilimuuliza daktari maswali mpaka akachoka. Chuma cha aina gani? Kinapakwa mafuta gani? Kinazungukaje bila kula plastiki? Kwangu ilikuwa beringi tu, ila beringi iliyofungwa ndani ya mtu, na mtu huyo ni mimi. Daktari alicheka, akaniambia, "Mzee, wewe lala. Kuzunguka niachie mimi."

Baada ya operesheni nilipelekwa chumba cha mazoezi, kujifunza kutembea upya baina ya vyuma viwili vya kushikilia. Hapo ndipo nilipomjua Mama Perpetua. Alikuwa mfinyanzi wa vyungu kutoka karibu na Katito, mwanamke mwenye kifua kipana na kicheko cha kusikika hadi getini. Alikuwa ameanguka kwenye mteremko akitoka kuchota udongo, na alifanyiwa operesheni wiki ile ile niliyofanyiwa mimi, na daktari yule yule. Tulishindana. Mimi nikipiga hatua kumi, yeye anapiga kumi na moja, kisha ananiambia, "Omera, ndugu yangu, wewe ni mwanaume wa mashine, lakini miguu yako imelala!" Siku ya kuruhusiwa alinipa chungu kidogo, na mimi nikamkerezea bakora yenye kishikio cha shaba.

Mwaka wa kwanza nilikuwa sawa, Alhamdulillahi. Wa pili, nyonga ikaanza kulia. Ka, ka, kila nilipoinuka kitini. Wewe ulikuwa ukiusikia mlio ule unasema baba amemeza saa. Kisha maumivu yakaja, na paja likawa kama linataka kuchomoka. Nikarudi kwa daktari. Hakunipiga picha wala hakunishika mguu.

"Ni umri, Mzee," akasema.

"Nina miaka arobaini na mbili, daktari."

"Basi ni uzito. Punguza ugali."

Nikapunguza ugali miezi sita. Ninalolijutia kwanza ni hilo: miezi sita ya kumwamini mtu ambaye hakunitazama. Kirpal ndiye aliyenitoa kwenye ujinga ule. Alinisikia nikilia mlio wangu karakanani, akaweka chini bilauri ya chai, akasema, "Hamisi, gari ikifanya sauti hiyo, wewe utaambia mwenyewe apunguze mizigo? Utafungua!" Akanipa barua ya kumpelekea daktari mmoja anayemfahamu Nairobi. Nikapanda treni na mama yako, nimelala kwa ubavu mmoja mpaka asubuhi.

Daktari yule wa Nairobi alikuwa mtu wa maneno machache. Alipiga picha, akaitazama muda mrefu, akanifungua, akatoa kila kitu na kuweka kingine, hiki ninachotembelea hadi leo. Nilipopata fahamu sawasawa, nilimwomba anipe vile vya zamani.

"Kwa kawaida tunavitupa," akasema.

"Vimekaa ndani yangu zaidi ya miaka miwili, daktari. Nataka kuviona."

Akaniletea ndani ya kopo la plastiki, vimeoshwa. Akanitazama usoni, akasema polepole, "Vitunze mwenyewe. Usimpe mtu." Hakuongeza neno.

Niliporudi Kisumu, kabla hata ya kusalimia majirani, nilikwenda karakanani na magongo yangu. Nikachukua kalipa, kile kipimo changu chenye taya mbili, nikapima kichwa cha chuma: milimita ishirini na nane. Nikapima mdomo wa kikombe: thelathini na mbili. Nikarudia. Kirpal akapima. Nikaandika kwenye daftari langu la kazi, na Kirpal akaweka sahihi chini. Milimita nne, Zuhura. Ningekereza beringi ya mashine ya kusagia mahindi na kuiacha na nafasi ya milimita nne, ningefukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Kumbe hapakuwa na umri wala ugali. Walikuwa wameniwekea kichwa cha saizi moja kwenye kikombe cha saizi nyingine.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana hapa ndipo ninapoona haya.

Sikwenda kwa wakili. Nilikwenda hospitali peke yangu na kopo langu na daftari langu, kifua mbele, nikitaka kuwaonyesha kwamba mkereza vyuma amewapima na kuwakuta na kosa. Nilitaka kusifiwa, mwanangu. Mkubwa wa hospitali alinipokea vizuri mno. Aliita chai. Siku ya pili akaja bwana mmoja wa bima, mwenye tai na mkoba, mpole kama shemeji. Akasema hospitali inasikitika, itanilipa gharama ya operesheni ya pili na kitu juu yake, ila lazima wavichunguze vile vyuma, na lazima niweke sahihi kwamba mambo yamekwisha na sitayasema kwa mtu yeyote.

"Kwa nini nisiyaseme?" nikamuuliza.

"Ni kawaida tu, Mzee. Karatasi zote ziko hivyo."

Nikaweka sahihi. Nikampa kopo. Zile pesa zilituondoa kwenye shida, na zilizobaki ndizo zilizokupeleka bweni. Mama yako aliuliza mara moja, "Je, ni wewe tu?" Nikamwambia hayo si yetu. Hakuuliza tena, lakini siku nzima aligonga masufuria.

Ikapita miaka. Ulikuwa kidato cha pili nilipotumwa Katito kurekebisha mashine ya posho ya mteja wa Kirpal. Nikapita sokoni kwenye vyungu, nikamwona Mama Perpetua amekaa juu ya kreti ya soda, mguu mmoja ameunyoosha mbele kama si wake. Bakora yangu ilikuwa kando yake, kishikio kimeng'aa kwa kushikwa. Alifurahi kuniona kiasi cha kunitoa machozi. Akanitazama nikitembea, akasema:

"Ai, Baba Zuhura! Wewe unatembea kama kijana. Hii mguu yangu inalia tu. Ka, ka, ka. Daktari alisema nimenona. Saa hii siwezi hata kuchuchumaa nifinyange. Hivi vyungu ni vya dada yangu, mimi nauza tu. Wewe ulipona aje?"

Na mimi, Zuhura, niliyejua jibu hadi nukta yake, nikamwambia, "Ni Mungu tu, Mama."

Akasema, "Ero kamano, Nyasaye," akimshukuru Mungu kwa ajili yangu.

Nilirudi Kisumu nikiwa nimelowa jasho. Wakati huo wote nilikuwa nikijisifu kuwa mtu wa kupenda kujua. Nilijua uzito wa chuma kile, nilijua kilivyong'arishwa, nilijua plastiki ile ililika upande gani. Lakini sikuwahi kujiuliza boksi kilimotoka kikombe changu lilikuwa na vikombe vingapi, na vingine viliingia kwa nani. Swali hilo mama yako aliliuliza kwa maneno manne akiwa amesimama jikoni.

Wiki mbili nilizunguka nalo. Halafu nikapanda ngazi za wakili mmoja mwanamke, Bi. Adhiambo, mwenye ofisi juu ya duka la vitambaa mjini. Nilimweleza yote. Alikuwa akila njugu huku akiandika. Nikamuuliza maswali kama nilivyomuuliza yule daktari, ila huyu alinijibu.

Alisema mtu aliyewekewa kiungo kibovu au kisicholingana hana njia moja tu. Anaweza kuishtaki hospitali na daktari kwa uzembe. Kama chuma chenyewe kilitoka kiwandani na kasoro, anaweza kumfuata aliyekitengeneza au aliyekiuza, lakini lazima kwanza ijulikane kosa ni la chuma au la mkono uliokiweka. Anaweza pia kumlalamikia daktari kwa bodi yao ya madaktari. Hiyo inaweza kumwadhibu daktari, lakini haimlipi mgonjwa. Na anaweza kupatana nje ya mahakama, kama nilivyofanya mimi, "ila wewe ulipatana ukiwa umefumba macho," akasema. Kuhusu lile kopo alinitazama kwa huruma. "Ulimpa mtu uliyemdai ushahidi wako akuwekee?"

Kisha akauliza operesheni ya Mama Perpetua ilikuwa lini. Nilipomwambia, akaacha kutafuna.

"Sheria inampa mtu aliyeumizwa kwa uzembe miaka mitatu. Imepita."

"Basi ameshindwa?"

"Ngoja. Kama kuna jambo kubwa ambalo hakulijua, na hakuwa na namna ya kulijua, mahakama inaweza kumruhusu aingie akiwa amechelewa. Lakini lazima aje ndani ya mwaka mmoja tangu ajue. Na lazima tuonyeshe kwamba kweli hakujua." Akanielekezea kalamu. "Nani anaweza kuapa kwamba huyu mama alifichwa?"

Chini barabarani mtu alikuwa akinadi magazeti.

"Mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyemficha."

Akaniambia wazi kwamba watu wa bima wanaweza kunidai pesa zao kwa kuvunja ile ahadi. Yeye angepigana nao, maana aliamini karatasi ya namna ile haiwezi kumzuia mtu kusema kweli mbele ya mahakama, lakini hakuniahidi kitu. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama yako kwamba huenda ukatoka bweni. Akasema, "Atasoma shule ya kutwa, hatakufa." Halafu kwa mara ya kwanza tangu nilipoweka ile sahihi, akanitengea chai bila kugonga kitu.

Ilibaki kumwambia Perpetua mwenyewe. Nilikwenda Katito na daftari langu. Nikamweleza pale pale juu ya kreti, nikamwonyesha zile namba mbili na sahihi ya Kirpal. Akazifuata zile namba kwa kidole.

"Siku ile uliniambia ni Mungu," akasema.

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Wewe Hamisi!" Hakuniita Baba Zuhura. "Mimi nimekaa nikijilaumu. Nasema labda nilibeba udongo mapema. Nasema labda nimenona kweli. Nimelala bila kula, omera, nikifikiria ni mimi tu." Akalia, na wanunuzi wakageuka kutazama. Kisha akajifuta kwa kanga. "Huyo wakili yuko wapi? Twende."

Sikusamehewa siku hiyo, na sikuomba. Nilibeba tu mkoba wake mpaka kituoni.

Basi niliapa. Hati yangu ya kiapo ilikuwa kurasa mbili, na sentensi iliyoniuma kuliko zote ndiyo iliyomfungulia mlango: kwamba mimi Hamisi nilijua, kwamba aliniuliza nilivyopona, na kwamba sikumwambia. Mahakama ikampa ruhusa. Daktari wa Nairobi akamfungua, na safari hii Bi. Adhiambo alikuwa amemwandikia mapema, kwa hiyo vile vyuma vilitiwa kwenye boksi na kupigwa lakiri, hakuna wa kuvigusa. Namba zilikuwa ishirini na nane na thelathini na mbili.

Kesi ilianza kusikilizwa. Baada ya ushahidi wa siku mbili, yule bwana wa bima akatokea tena na mkoba wake, mpole vile vile. Alileta karatasi yenye fidia nzuri, na lile neno la kunyamaza lilikuwa chini kabisa. Bi. Adhiambo akamsomea Perpetua kila mstari kwa Kiswahili, kisha kwa Kijaluo. Perpetua akauliza, "Hii operesheni, walifanyia watu wangapi mwaka ule?"

Yule bwana akasema hana habari hiyo.

"Basi uende uitafute. Mimi nitasaini, lakini kwanza muandikie wale wengine wote barua. Waitwe, wapigwe picha. Na hiyo ya kunyamaza, toa."

"Mama, hiyo haiwezekani."

"Sawa. Turudi kwa jaji."

Iliwezekana. Barua zilitumwa. Watu watano walipatikana na kosa lile lile, mmoja wao mzee wa Otonglo aliyekuwa ameshauza baiskeli yake kwa kuwa hakutarajia kuipanda tena. Mimi nililetewa barua mbili za vitisho, Bi. Adhiambo akazijibu, wakanyamaza. Bweni hukutoka. Perpetua siku hizi anatembea na bakora. Kuchuchumaa bado hawezi, kwa hiyo anafinyanga ameketi, udongo ukiwa juu ya meza niliyomtengenezea, na analalamika kwamba meza yangu ni fupi. Tunasalimiana vizuri. Kuniita Baba Zuhura amerudia, ila ilimchukua mwaka.

Bado kuna jambo moja, na ndilo lililonikalisha hapa. Katika zile siku mbili za ushahidi aliitwa muuguzi mmoja, Sista Roselyne, aliyekuwa chumba cha operesheni siku zetu zote mbili. Wengine walisema hawakumbuki. Yeye alisema anakumbuka. Alisema aliziona zile namba kwenye maboksi na hakusema. Alipotoka, alikuja akaketi kwenye benchi nililokaa mimi pale koridoni. Nilikuwa na haki ya kumchukia, lakini nilitoka kuapa kwamba mimi mwenyewe nilijua na sikusema, kwa hiyo chuki sikuiona. Niliona swali tu, nikamuuliza.

"Sista, ulifikiri nini ulipoziona?"

"Nilifikiri labda daktari anajua. Yeye ndiye daktari."

"Ungemuuliza angefanya nini?"

"Angenigombeza, Mzee. Mbele ya wote. Alikuwa hivyo."

"Akishakugombeza?"

Akafikiri. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo, na yeye hakuwahi kujiuliza. Alitazama sakafu, kisha akanitazama mimi.

"Angefungua boksi lingine," akasema. "Lilikuwa pale pale kwenye rafu."

Sina mawaidha ya kuongeza juu ya hayo, Zuhura. Wewe mwenyewe siku moja utasimama kwenye chumba kama kile, na utakuwa mgeni, na mdogo kuliko wote, na kutakuwa na mtu mkali amenyoosha mkono bila kugeuka. Sijui utafanya nini. Mimi baba yako, nikiwa mtu mzima, nikiwa na daftari mkononi, nilishindwa kwenye soko la Katito mbele ya mwanamke aliyenipenda. Nimekuandikia ili ujue kwamba hofu ile ni fupi. Mtu anagombezwa dakika moja, dakika mbili. Sista Roselyne aliikwepa dakika hiyo, akaibeba zaidi ya miaka saba.

Nasikia geti, nadhani umerudi. Nakwenda kukufungulia.

Mwenyezi Mungu akutangulie.

Ni mimi baba yako,
Hamisi